Uliza Ujibiwe: Kule juu wanashukaje?

Mwezi huu sanduku letu limejaa anga tupu. Nadhani ni ile video inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ya wale Wamarekani wawili, Butch Wilmore na Suni Williams, waliopanda kwenda kituo cha anga Juni 5, 2024 wakijua wanakaa kama siku nane tu halafu wanarudi nyumbani. Chombo chao kipya, Starliner cha Boeing, kikaanza kuvuja gesi ya heliamu na baadhi ya injini zake ndogo za kuongozea zikagoma, NASA, shirika la anga la Marekani, wakapima wakaona bora kirudi kitupu. Kikarudi Septemba mwaka huohuo, kikatua salama jangwani New Mexico, na wenyewe wakaja kushuka Machi 18, 2025 kwa kapsuli ya kampuni ya SpaceX inayoitwa Dragon, siku 286 baadae. Kwa saa zetu ilikuwa inakaribia saa saba usiku, wengi mlikuwa mmelala.

Haya tuanze na barua iliyonichekesha zaidi.

SWALI: Mhariri habari ya kazi. Mi ni dereva wa semi, njia ya Dar mpaka Tunduma. Nimeangalia hiyo video mara tatu. Kile chombo kinatoka angani na miavuli, kinaingia baharini, lakini nje kimeungua cheusi kama sufuria ya kuni. Swali langu, kwanini kiungue? Si wana injini? Kwanini wasishuke taratibu tu kama lifti ya ghorofani wakafika chini bila kuungua? *Dereva wa semi, Mbeya*

JIBU: Dereva, jibu lako unalo mwenyewe, lipo Kitonga.

Umeshashuka pale na mzigo, kwa hiyo unajua kinachotisha sio urefu wa ule mlima, ni mwendo gari inaotaka kuuchukua ukiiachia. Mi nilishawahi kushuka pale na basi, konda amesimama mlangoni ameshika gogo la kuwekea tairi, harufu ya breki imejaa mpaka mama mmoja siti ya nyuma akaanza dua kwa sauti. Ile harufu ndo jibu. Mwendo haupotei hivihivi, ukiuzuia unageuka joto, na hilo joto lazima likae mahali, kwenye gari yako linakaa kwenye breki.

Sasa wenzetu kule Kituo cha Kimataifa cha Anga wapo juu kama kilomita 400 hivi, ambayo kusema ukweli sio mbali, ni pungufu ya safari yako ya Dar mpaka Iringa. Umbali sio tatizo. Tatizo wanakwenda kilomita 28,000 kwa saa. Wanaizunguka dunia nzima kwa dakika 90 tu, kwa siku wanaliona jua likichomoza mara 16. Na watu wengi wanadhani kule hakuna mvutano wa dunia ndo maana wanaelea, hapana bana, mvutano upo tena karibu asilimia 90 ya huu wa huku chini, wanaelea kwa sababu wanaanguka muda wote, kituo kinaanguka na wao ndani yake wanaanguka, ila kwa ule mwendo kila wakianguka ardhi nayo imeshajipinda chini yao. Yani wanaanguka wanaikosa dunia, siku nzima, mwaka mzima.

Kwa hiyo kurudi maana yake ni kuumaliza ule mwendo. Ukitaka wauzime wote kwa injini washuke kama lifti, watahitaji mafuta kama yaleyale yaliyowapandisha. Roketi inayoipandisha Dragon ina urefu wa mita 70 na karibu uzito wake wote ni mafuta. Sasa ubebe roketi kama hiyo mpaka juu ikiwa imejaa ili uje ushukie? Ya kuibeba hiyo itakuwa na ukubwa gani? Hesabu inakataa.

Wanachofanya ni hivi. Wanageuza chombo kinatanguliza makalio, wanawasha injini dakika chache basi. Ile Soyuz ya Warusi inawasha kwa dakika nne na sekunde 40 hivi na inapunguza kama kilomita 460 kwa saa. Kati ya 28,000 dereva! Ni kama una elfu ishirini na nane mfukoni umetoa mia nne na sitini. Lakini hiyo inatosha, maana njia yao sasa inainama mpaka inagusa angahewa upande wa pili wa dunia, na kuanzia hapo breki ni hewa yenyewe. Mwendo wote uliobaki unaliwa na hewa, ndani ya dakika chache.

Na hapa nijisahihishe. Kwenye toleo moja la nyuma niliandika kwamba joto lile linatokana na hewa kusuguana na chombo, mwalimu mmoja wa fizikia akanipigia simu akaniambia nimewapotosha watoto. Yuko sahihi. Msuguano upo lakini ni mdogo, joto kubwa linatokana na hewa kubanwa mbele ya chombo kwa ghafla, haina muda wa kukimbia. Chukua pampu ya baiskeli, ziba pale mbele na kidole, pampu kwa nguvu mara ishirini halafu shika chini ya pampu. Umeona? Sasa fikiria hiyo pampu inakwenda kilomita 28,000 kwa saa. Nje ya ile Dragon linafika kama nyuzi 1,900, chuma cha kawaida kinayeyuka hapo.

Kinachowaokoa ni vitu viwili. Cha kwanza ni umbo. Mtu ungedhani chombo kiwe na ncha kama mshale kikate hewa, kumbe ncha ndo ingeungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani mmoja, H. Julian Allen, aligundua kwamba kitu butu ndo kinapona, kwa sababu kinasukuma ukuta wa hewa mbele yake na moto mwingi unabaki kwenye ule ukuta, unapita pembeni. Ndo maana kapsuli zote zinashuka zimetanguliza tako pana kama la chungu. Cha pili ni ngao ya chini, ambayo imetengenezwa iungue makusudi, inaungua kidogokidogo inaondoka na joto lake. Umeshakula muhogo wa kuchoma, ganda limekuwa mkaa ndani mweupe, ndo hivyohivyo, ila muhogo ndani unaiva na hawa hawatakiwi kuiva.

Wakiwa katikati ya huo moto hewa inayowazunguka inakuwa plazma, yani gesi ya moto mkali inayopitisha umeme, na redio inakata, kwa dakika kadhaa huku chini hamna anayejua kinachoendelea. Kisha sauti inarudi, miavuli miwili midogo inafunguka kwenye kilomita tano na nusu hivi, halafu mikubwa minne kwenye kilomita mbili kasoro, na chombo kinagusa maji kwa kama kilomita 25 kwa saa, mwendo wa bajaji kwenye foleni. Hiyo ya Machi waliangukia Ghuba ya Meksiko karibu na Tallahassee, Florida, na kabla boti hazijamaliza kuifunga kamba walikuja pomboo wakawa wanaizunguka kapsuli. Hao pomboo hawakuigizwa, wengi mmeuliza.

SWALI: Mbona wengine wanashukia nchi kavu? Niliona wanatua kwenye majani makavu na farasi kwa mbali. *Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Hao ni wa Soyuz, hiyo ni nyika ya Kazakhstan, karibu na mji wa Zhezkazgan. Warusi hawana bahari ya joto ya kuangukia ila wana tambarare kubwa isiyo na watu, wakatumia walichonacho. Wachina nao wanatua nchi kavu, Mongolia ya Ndani.

Mwavuli wa Soyuz ni mmoja mkubwa, mita za mraba 1,000, lakini peke yake hautoshi kwa ardhi ngumu, kwa hiyo kapsuli ikibaki chini ya mita moja kufika inapiga injini ndogo kwenda chini, lile vumbi unaloliona ndo hilo. Kitaalamu wanaita kutua laini. Waliopitia wanasema ni kama kugongwa na gari. Na ndo maana viti vyao vinashonwa kama suti, kila mtu anachukuliwa umbo la mgongo wake kwa plasta, kiti chake hakikai mtu mwingine, tena fundi anamwachia nafasi juu ya kichwa kwa sababu mtu akikaa angani miezi uti wa mgongo unanyooka anarefuka sentimita kadhaa. Kule wanatoka warefu, huku wanarudi wafupi wao wa kawaida.

SWALI: Ndugu mhariri, sisi wa Makueni tuna haki ya kuuliza. Disemba 2024 pete ya chuma ilitoka mbinguni ikaangukia kijijini Mukuku, kubwa kama meza ya harusi. Je hizo kapsuli nazo zinaweza kutushukia hivyo? *Jirani wa Mukuku, Kenya*

JIBU: Pole jirani, hiyo nakumbuka, Disemba 30, pete yenye upana wa kama mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500, Shirika la Anga la Kenya wakaja wakaichukua wakasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Namshukuru Mungu haikumpata mtu.

Kapsuli yenye watu haiji hivyo. Ile inaongozwa, ina sehemu yake ya kutua iliyochaguliwa na watu wa kuipokea, na hata ikikosea inashuka na mwavuli. Kinachokuja ovyo ni vile inavyovitupa njiani. Soyuz ina vyumba vitatu, watu wanarudi kwenye cha katikati tu, viwili vingine vinaachwa vinaungua hewani. Dragon nayo inaacha mkia wake. Vingi vinaisha kabisa, vingine haviishi: 2022 mkulima mmoja wa kondoo kule Australia alikuta kipande cha mkia wa Dragon kimesimama wima shambani kwake kama kisiki kilichoungua. Mi naona hili suala wakubwa wanalichukulia kirahisi sana. Ukirusha kitu kwenda juu, kinaposhukia ni juu yako wewe uliyerusha, sio juu ya mkulima wa kunde.

SWALI: Mwanangu shikamoo nakupa marahaba kabisa nisisumbuke. Nawaona wakifika wanatolewa kwenye chombo kama wagonjwa, wamebebwa, yule dada mvi zimejaa, amekonda. Huko wanawafanya nini? Hawalishwi? *Mama wa mapacha, Tabata*

JIBU: Shikamoo mama, hata ukinipa marahaba kabla lazima niseme. Wanalishwa, tena vizuri. Ni mwili ndo umesahau dunia.

Angani miguu haina kazi. Huendi dukani, hupandi ngazi, hata kusimama hakuna. Mwili ni bahili, kitu kisichotumika haukilishi, kwa hiyo misuli inasinyaa na mifupa nayo inapungua, ile ya nyonga na miguu inaweza kupoteza asilimia moja mpaka moja na nusu kila mwezi usipofanya mazoezi. Ndo maana kila siku wanafanya mazoezi kama saa mbili, wanafungwa mikanda kwenye mashine ya kukimbilia ili wasielee. Damu na maji nayo ambayo huku chini yanavutwa miguuni, kule yanapanda kichwani, uso unavimba miguu inakuwa myembamba kama ya kuku, na mwili ukiona maji yamejaa juu unayapunguza kwa kukojoa. Sasa siku ya kurudi, mvutano unarudi ghafla, damu yote inakimbilia miguuni na haitoshi, mtu akisimama tu anaweza kuzimia. Kwa hiyo kabla ya kushuka wanakunywa maji mengi na vidonge vya chumvi, yani kama vile unavyompa mtoto maji ya chumvi na sukari akiharisha, na wanavaa suruali za kubana.

Halafu kuna sikio la ndani, lile linalokuambia juu wapi chini wapi. Miezi tisa halijapata taarifa, likizipata linachanganyikiwa, ukigeuza kichwa kidogo dunia nzima inazunguka, unatapika. Mama hebu fikiria hali hiyo uko ndani ya kapsuli na mawimbi ya bahari yanairusha. Kwa hiyo wanabebwa wote, ni utaratibu, hata anayeweza kutembea anabebwa. Mrusi Valeri Polyakov alirudi 1995 baada ya siku 437 mfululizo, hakuna aliyewahi kukaa safari moja ndefu kama hiyo mpaka leo, na aliposhuka alitembea mwenyewe hatua chache mpaka kwenye kiti, alikuwa daktari na alitaka waone kwamba inawezekana.

Baada ya hapo NASA wanawapa siku 45 za mazoezi ya kuurudisha mwili. Na wengi wanasimulia kitu kimoja, eti siku za mwanzo wanaachia vikombe hewani. Kazoea miezi yote ukiachia kitu kinakaa hapohapo.

Mvi mama ni mvi tu, alikuwa na miaka 59.

SWALI: Kuna waliokufa wakiwa wanarudi? Naomba ukweli, usinifiche, mwanangu anataka kuwa mwanaanga. *Baba, Kigoma*

JIBU: Wapo. Vladimir Komarov, Aprili 1967, Soyuz ya kwanza kubeba mtu, mwavuli haukufunguka vizuri. Juni 1971 wakafuata watatu, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, na hiyo ndo inayoniuma zaidi, maana kapsuli yao ilishuka vizuri kabisa, miavuli sawa, waokoaji wakagonga, kimya, wakafungua mlango wakawakuta wamekaa kwenye viti vyao wamekufa. Valvu ya hewa ilifunguka walipokuwa wanaachana na vyumba vingine, juu kabisa, hewa yote ikatoka, na hawakuwa wamevaa suti za presha kwa sababu watatu wakiwa na suti walikuwa hawaenei. Baada ya hapo suti ikawa lazima, na kwa miaka mingi wakawa wanakwenda wawili wawili mpaka walipopata namna ya kuwaweka watatu na suti zao.

Halafu Februari 1, 2003, Columbia, moja ya zile ndege za anga za Wamarekani (Space Shuttle), watu saba. Siku ya kuruka, kipande cha povu kilichomoka kwenye tangi la mafuta kikapiga ukingo wa bawa la kushoto. Wakakaa angani wiki mbili wakifanya kazi yao. Siku ya kurudi ule moto niliomweleza dereva ukapita kwenye tundu. Tundu moja tu.

Lakini mwambie mwanao na hii. Aprili 2008 Soyuz iliyombeba Mmarekani Peggy Whitson, Mrusi Yuri Malenchenko na Yi So-yeon wa Korea Kusini iligoma kuachana vizuri na chumba chake cha nyuma, ikaingia hewani vibaya, ikashuka wima mno, wakakandamizwa na uzito zaidi ya mara nane ya uzito wao, yani mtu wa kilo 60 anakuwa karibu nusu tani na kifua hakipandi. Wakatua zaidi ya kilomita 400 kutoka walikotarajiwa, majani yakashika moto pembeni ya kapsuli. Wote watatu wakatoka hai. Whitson alirudi tena angani, zaidi ya mara moja.

SWALI: Ile ndege ya Wamarekani iliyokuwa inatua uwanjani kama ndege ya kawaida imeishia wapi? *Mstaafu, Zanzibar*

JIBU: Imestaafu kama wewe mzee wangu, Julai 2011, baada ya safari 135. Zilizobaki zipo makumbusho. Ilikuwa inashuka bila injini, inateleza tu, rubani ana nafasi moja ya kutua hakuna kurudi juu kujaribu tena. Na jambo wengi hawalijui, uwanja wa ndege wa Banjul, Gambia, ulikuwa umeandaliwa kwa miaka kadhaa kuipokea endapo ingepata hitilafu wakati wa kupanda. Haikuwahi kuhitajika.

SWALI: Gagarin alitua na nini? Tumebishana darasani mpaka tumekosana. *Kidato cha tatu, Morogoro*

JIBU: Patanishweni, wote mna haki, mana Warusi wenyewe walificha kwa miaka. Aprili 12, 1961 Yuri Gagarin hakutua na chombo chake. Kapsuli ile ilikuwa inagonga chini kwa nguvu mno, kwa hiyo kwenye kilomita saba hivi kiti kikarushwa nje naye akashuka na mwavuli wake mwenyewe, kapsuli na mwavuli wake. Wakaficha kwa sababu sheria za rekodi za kuruka zilitaka rubani atue ndani ya chombo.

Akaangukia shamba la viazi mkoa wa Saratov. Shambani bibi mmoja, Anna Takhtarova, na mjukuu wake Rita. Wanaona mtu anatoka juu, nguo ya rangi ya chungwa, kichwa cheupe cha duara, anakuja. Wakaanza kurudi nyuma, na wewe ungefanya hivyo. Akawapigia kelele kwamba yeye ni mwenzao, Msovieti kama wao, na anatafuta simu apige Moscow.

SWALI: La mwisho mhariri, wakirudi wanapita forodhani? 😂 *Wakala wa mizigo, Mombasa*

JIBU: Umecheka lakini Apollo 11 walijaza fomu. Walitua Pasifiki Julai 24, 1969 wakatengwa siku 21 kwa hofu ya vijidudu vya mwezini, na fomu ya forodha ya Honolulu ipo mpaka leo, sahihi za Armstrong, Aldrin na Collins zote tatu, japo ilikuwa ya utani zaidi kuliko kazi. Safari inatoka: Mwezini. Mzigo: sampuli za mawe na vumbi la mwezi. Na pale wanapouliza kama kuna hali yoyote ndani ya chombo inayoweza kueneza magonjwa, wamejaza kwamba itajulikana baadae.